Kamba ya Muuzaji

Zamani, kabla ya kiharusi, watu wa upande ule wa Kashgar walikuwa wakisema kwamba ulimi wa Sawut dalali unaweza kumuuza kondoo kipofu kwa mtu aliyekuja sokoni kununua mkate. Walikuwa wanamsingizia kidogo tu. Sawut aliapa, alicheka, aliwashika watu mabega, alimpigia ng'ombe magoti na kuyasifu macho yake mbele za watu bila haya. Na akishamaliza makelele yote hayo, ndipo alipoingiza kiganja chake ndani ya mkono mrefu wa joho la mnunuzi, na bei yenyewe ikasemwa humo ndani kwa vidole, kimya kimya, mtu wa tatu asijue. Maneno yalikuwa ya kuwafurahisha watu. Biashara ilikuwa kwenye vidole.

Kiharusi kilipokuja majira ya baridi yaliyopita, kilichukua ulimi, kikachukua na upande mzima wa kushoto. Kikamwachia macho, mkono wa kulia, na kichwa kinachotikisika mchana kutwa, ndiyo na hapana zimechanganyika, hata ukimwuliza kama anataka chai hujui amekubali au amekataa. Mtu aliyelisha nyumba kwa maneno miaka yote hiyo akawa anakalishwa barazani juu ya zulia, mto mgongoni, akitazama lango. Basi watu wakaanza kuzungumza juu ya kichwa chake, kana kwamba ni gunia la mahindi linalosubiri kubebwa. Binadamu tuna haraka sana ya kumzika mtu aliyenyamaza.

Hivyo ndivyo Horigul, bintiye, alivyomkuta. Alikuwa ametoka mji wa mbali wa Urumqi kwa treni, amevaa koti jipya la kahawia lenye mkanda wa kitambaa kiunoni, begi limejaa dawa na peremende. Alikuja kumchukua. Uamuzi ulikatwa kwenye simu kati yake na kaka yake Ghopur: Ghopur anaendesha lori la pamba, mkewe Patigul anashona kiwandani kwa zamu, na mzee hawezi kushinda peke yake na punda. Huko Urumqi, kwenye ghorofa ya kumi na moja, Horigul alikwishanunua kitanda na kukiweka karibu na dirisha.

Jumamosi walipokwisha kula, Ghopur akasema, "Kesho sokoni. Tunamuuza punda. Jumatatu nyie mnapanda treni."

"Mmemwuliza?"

"Nani, punda?"

"Baba, Kaka."

Ghopur akacheka, kisha akaona dada yake hacheki. "Mwulize wewe basi. Si wewe ndiye kipenzi chake? Ukipata jibu, na mimi unigawie."

Horigul alimwuliza. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akamshika uso, akasema taratibu, "Baba, unataka kuja kukaa na mimi?" Kichwa kikatikisika vilevile kama kilivyokuwa kikitikisika kabla hajauliza. Macho yakamtazama kidogo, yakarudi langoni. Akauliza tena. Akajisikia kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kabisa ina watu. Mwisho akatoka akaenda zizini kulia, maana ndani Patigul alikuwa anamtazama.

Mle zizini, kwenye vigingi vya kando ya mlango, zilining'inia kamba. Kamba za ng'ombe, za kondoo, za farasi mmoja mwekundu ambaye Horigul alimkumbuka kwa jina. Sawut hakuwahi kumtoa mnyama wake na kamba yake. Mnunuzi aje na kamba ya kwake, akitaka amfunge kwa mshipi wa suruali, hiyo ni juu yake. Kamba ya muuzaji inarudi nyumbani. Wazee wote walifanya hivyo. Mali ikitoka, kamba ibaki, na kamba ikibaki, baraka haijahama. Na katikati ya kamba zile, juu ya kigingi cha mwisho, palikuwa na utepe wa nywele uliokuwa mwekundu zamani.

Huo ulikuwa wa Horigul. Siku anaolewa, gari la bwana harusi likiwa linaunguruma nje, wanawake wanalia kwa zamu, baba yake alimsogelea, akauchomoa utepe kwenye msuko wake bila kusema lolote, akaenda nao zizini. Wanawake walidhani amechanganyikiwa. Aliporudi alisema kwa sauti ya sokoni, "Hata huyu nimemtoa bila kamba!" Watu wakacheka mpaka bwana harusi akaona haya. Lakini Horigul aliyaona macho ya baba yake, na hakucheka.

Akaugusa ule utepe. Ulikuwa mkavu, umejaa vumbi la majani makavu. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: kujua baba yake anasemaje. Akisema twende, atambeba mgongoni mpaka stesheni. Akisema hapana, hajui atafanya nini. Lakini kumtoa mtu kwenye nyumba yake bila yeye kusema neno, hilo lilimkaa kooni kama mfupa.

Asubuhi walimpandisha mzee kwenye guta la umeme la Ghopur, wakamzungushia blanketi juu ya joho lake la zamani, lile jeusi la pamba lenye mikono inayofika hadi kwenye vidole. Patigul alitaka kumvalisha jaketi jipya. Mzee akaling'ang'ania joho lake kwa mkono wake mmoja mpaka wakamwacha. Punda akafungwa nyuma. Ghopur akaendesha polepole, naye punda akifuata kwa hatua za mtu aliyeitwa barazani kwa kesi.

Horigul alikaa ubavuni mwa baba yake. Barabara ilikuwa lami tupu, pana, taa zimepangwa pande zote mbili, na guta halikuwa na mlio wowote isipokuwa honi. Hapo ndipo moyo wake ulipomwuma kwa kuikumbuka barabara ya zamani. Ilikuwa ya vumbi, imebanwa na miti mirefu ya mipopla, na Jumapili asubuhi ilijaa mikokoteni ya punda kutoka kila kijiji, kengele zikilia shingoni, wanawake wamepakata kuku, watoto wamelala juu ya majani makavu. Baridi ilikuwa inakata masikio. Kila mkokoteni uliotaka kupita, mwenyewe alipiga kelele, "Posh! Posh!" yaani nipisheni, na hakuna aliyempisha mtu. Watu walisalimiana kutoka mkokoteni hadi mkokoteni, wakatukanana, wakaulizana habari za wagonjwa, wakatukanana tena. Kufika kwenyewe ilikuwa nusu ya soko.

Na katika safari hizo mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa joho la baba. Alianza kuuingiza kwa sababu ya baridi. Baba akaona kiganja kimejileta chenyewe, akamfundisha vidole: hiki kimoja, hivi viwili, kiganja chote, kukwaruza katikati ni nusu. Watoto wa kike hawakufundishwa mambo hayo. Sawut akasema, nimekosa mwanafunzi mwenye akili, huyu Ghopur vidole vyake ni vya kushikia mkate tu.

Kisha ulikuja mchezo wao. Baba alijitia sauti nene. "Asalaam alaykum! Nimetumwa na tajiri wa Yarkand. Anamtaka huyu binti mwenye makamasi. Anatoa ngamia."

"Wangapi?" Horigul aliuliza kwa sauti ya dalali.

Humo ndani ya joho vidole vya baba vilimbonyeza: ngamia kadhaa, na nusu juu yake.

"Nusu ya ngamia ya nini?"

"Ya mchuzi."

Naye alicheka mpaka akakaribia kudondoka. Mwisho wa mchezo ulikuwa mmoja siku zote. Baba alikishika kiganja chake, akakunja vidole kimoja baada ya kingine mpaka kikawa ngumi, kisha akaisukuma ile ngumi imrudie kifuani. Hiyo sokoni ilikuwa na maana moja, na kila dalali kutoka Kashgar hadi Hotan aliijua. Hauzwi. Chukua mkono wako uende.

"Dada, umelala?" Ghopur aliita kutoka mbele.

"Niko macho."

"Shika punda, tunaingia."

Soko lenyewe lilikwishahama, si lile la kando ya mto. Hili lilikuwa nje kabisa ya mji, lina uzio, lango la kuonyesha vitambulisho, mabanda ya chuma yenye namba, na sakafu ya saruji iliyokuwa ikioshwa kwa mpira. Kondoo wenye mikia ya mafuta walikuwepo, wamefungwa shingo kwa shingo, vichwa huku na makalio kule, na wanunuzi walipita nyuma wakiipima mikia kwa viganja kama zamani. Hilo lilimfurahisha Horigul. Moshi wa sambusa za tanuri ulikuwepo pia, na kinyozi wa vichwa, na yule mtu wa kuuza kamba, ingawa kamba zake sasa zilikuwa za nailoni za rangi ya buluu. Lakini palikuwa kimya. Hakuna aliyekuwa anampigia ng'ombe magoti. Watu waliandika namba kwenye simu, wakaonyeshana, wakatikisa vichwa, wakaandika nyingine. Watalii wawili wenye kamera kubwa walimpiga picha Sawut ndani ya joho lake, wakasema asante, wakaenda. Mzee hakuwatazama.

Sehemu ya punda ilikuwa pembeni, na punda hawakufika hata kumi. Horigul alikumbuka punda waliofunika uwanja mzima, vijana wakiwapanda na kuwakimbiza huku na huku ili mnunuzi aone mwendo, punda akimtupa mtu kwenye tope na soko zima likishangilia. Sasa nani anahitaji punda? Guta halili, haliugui, halikupigi teke.

Wa kwanza kuwajia alikuwa mwanamume wa lori, mnunuzi wa ngozi. Alivaa jaketi la manyoya lenye mpira uliobana kwenye vifundo vya mikono. Hata ungetaka kumwingizia kidole usingeweza. Hakumtazama punda meno wala kwato. Alimfinya ngozi ya shingo, akaandika namba kwenye simu, akaisogeza mbele ya uso wa mzee.

Sawut akageuza uso, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha aibu.

"Anasemaje?" mwanamume akauliza.

"Hasemi," alijibu Ghopur. "Nionyeshe mimi." Akaitazama namba, nyusi zikampanda. "Dada, bei nzuri hii."

"Ya ngozi, Kaka."

"Punda ni punda. Utamfanyia harusi?"

"Huyu amekubeba wewe na magunia yako miaka yote, leo unamuuza akachunwe ngozi?"

"Haya, haya! Umeanza." Ghopur akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huikubali bei ya kwanza.

Hapo sauti ikaja kutoka nyuma, sauti ya zamani, ya kokoto. "Nani huyo kaweka simba barazani halafu anafanya biashara na kivuli chake?"

Alikuwa Hoshur, dalali mwenzake Sawut, mpinzani wake wa miaka yote. Alikuwa amekonda, ndevu zimebaki chache, lakini na yeye alivaa joho. Nyuma yake alikuja mzee mmoja mfupi wa kijiji cha Opal, Ismayil, mwenye bustani ya aprikoti.

"Mjomba Hoshur," Horigul alisema, na machozi yakamjia bila kutarajia.

"Usilie, mwanangu, utashusha bei." Akainama mbele ya guta. "Sawut! Mwizi wewe! Nasikia umenyamaza. Miaka yote nilimwomba Mungu unyamaze, na sasa umenyamaza soko limeoza. Ismayil hapa ana mashamba ambako guta halipiti, mitaro tupu. Anataka punda. Na mimi nimekuja kumwokoa na wewe."

"Mjomba, hawezi kujibu," Ghopur alisema. "Zungumza na mimi tu."

"Na wewe? Wewe ulikuwa unauza kondoo kwa kuwahurumia." Hoshur akapandisha joho lake begani. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kijana. Sogea."

Akaingiza kiganja chake ndani ya mkono wa joho la Sawut.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kichwa cha mzee kilitikisika. Ghopur akatazama saa yake. Kisha Horigul akaona kitambaa cha joho kinacheza. Kilicheza kidogo, kikatulia, kikacheza tena. Hoshur akaruka nyuma kama aliyeungua.

"Kiasi gani? Sawut, una wazimu! Huyu ni punda au ni farasi wa mfalme?" Akawageukia watu. "Jamani, mnajua kaniambia ngapi? Sisemi! Naona haya kwa niaba yake!"

Watu wakaanza kusogea. Hoshur akaingiza tena mkono, akanguruma, akautoa, akamnong'oneza Ismayil, akarudi. Akampiga punda kofi mgongoni, akamwita mzee wa watu, akasema meno yake yamebaki ya kumbukumbu tu. Na Sawut, nusu ya mdomo wake, ile nusu iliyobaki, ilipanda juu. Alikuwa anacheka. Horigul hakuwa amemwona baba yake akicheka tangu alipofika, na akajikuta ameshika ukingo wa guta kwa nguvu zote.

Mnunuzi wa ngozi alingoja kidogo, akaona hakuna anayemtazama, akaondoka na simu yake.

Mwisho Hoshur aliutoa mkono, akachukua kiganja cha Ismayil akakipiga juu ya kiganja cha Sawut, mara moja, kwa nguvu. "Imekwisha! Mungu aibariki! Ghopur, pokea, usiulize."

Ghopur alipokea, akahesabu, akakubali kwa kichwa kwamba baba yake hajapunjwa. Kisha akaifungua kamba ya punda kwenye guta na kumkabidhi Ismayil. Hapo Sawut akatoa sauti. Haikuwa neno, ilikuwa mlio tu kutoka tumboni, na mkono wake mmoja ukaruka ukaikamata kamba, ukaing'ang'ania, uso ukamwiva.

"Unaona?" Ghopur alisema, na sauti ikamkatika. "Unaona sasa, Dada? Amekwishasahau. Hapa tu amemuuza, hapa hapa hataki kumtoa. Ndiyo hali yake hiyo. Baba, achia. Achia, tumeuza." Akaanza kuvifungua vidole vya mzee.

Hoshur akampiga kofi la mkono. "Mtoto wa dalali wewe! Aibu! Nani alikuambia punda hutoka na kamba ya mwenyewe?"

Ghopur akasimama. Horigul alimwona anageuka mwekundu mpaka kwenye masikio, na akamwonea huruma, maana hata yeye kwa dakika moja alikuwa amedhani vilevile. Zile kamba zizini wote wawili waliziona kila siku ya utoto wao. Ismayil mwenyewe alikuwa ameshachomoa kipande cha kamba mfukoni, cha nailoni ya buluu, anasubiri kwa adabu. Akamfunga punda, akasema bismillah, akampeleka. Punda hakugeuka. Sawut alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea nyuma ya mabanda, kisha akaikusanya kamba ya zamani kwa mkono mmoja, akaiweka magotini, akatulia.

Kwa hiyo hakusahau chochote. Miezi yote hii, juu ya zulia, huku wao wakizungumza juu ya kichwa chake, alikuwa amesikia kila neno. Horigul alijisikia vibaya sana. Akapanda kwenye guta, akakaa karibu yake, akafanya kile ambacho hakukifanya tangu alipoanza kuvunja ungo na kuambiwa kwamba msichana mkubwa haingizi mkono kwenye joho la mtu. Akaingiza kiganja chake ndani.

Mle ndani mlikuwa na joto lilelile.

"Asalaam alaykum," alisema kwa sauti nene. "Nimetumwa na tajiri wa Urumqi. Anamtaka mzee mmoja wa Kashgar, mkaidi, mwenye joho bovu."

Kichwa cha Sawut kilitikisika, lakini vidole vyake vilikuwa vimetulia, vinasikiliza.

"Anatoa kitanda kipya karibu na dirisha." Akatandaza kiganja chake chote wazi mkononi mwa baba.

Baba akamkunja kidole gumba.

"Anatoa maji ya moto ya bomba, mchana na usiku."

Akakunjiwa cha pili.

"Kaka, njoo uone," Horigul alisema. Ghopur akasogea. "Anatoa pilau kila Ijumaa. Na mjukuu wako, Baba, anasoma, amekuwa mrefu, anakuulizia."

Hapo vidole vya mzee vilisita. Vilikipapasa kile kidole cha katikati kwa muda mrefu, kwa upole, toka shinani hadi ncha. Kisha vikakikunja.

"Anatoa..." Sauti ilikuwa imekwisha. "Baba, ananitoa mimi. Mimi niwe karibu yako kila siku."

Kidole cha nne. Kidole cha mwisho, kile kidogo, alikikunja taratibu kuliko vyote. Kisha akaibana ngumi ya binti yake ndani ya kiganja chake, akaishikilia, na kwa nguvu zake zote za upande mmoja akaisukuma ikamrudia kifuani.

Horigul akalia palepale, mbele ya kondoo na watu. Hakulia kwa hasira. Alilia kwa kuwa amejibiwa.

"Labda bado anawaza punda," Ghopur alisema, lakini kwa sauti ya mtu asiyejiamini.

"Punda amekwisha kumuuza, Kaka. Kamba hiyo hapo magotini. Ni yeye mwenyewe ndiye hauzwi."

Ghopur alikaa kwenye ukingo wa saruji, kofia yake ya doppa mkononi. "Sasa nitafanyaje? Mimi niko barabarani, Patigul yuko kiwandani. Nani atampa maji?"

"Mimi nimekufa?" Hoshur aliuliza. "Nyumba yangu ni mtaa wa pili. Mchana mlete kwangu. Mke wangu anapika kwa watu kumi hata tukiwa wawili. Na Jumapili namleta hapa, tuwaonyeshe hawa wa simu biashara inavyofanywa. Atakuwa ananipunja, najua. Nimezoea."

Jioni Patigul aliposikia, aliweka chini bakuli la tambi na kumtazama mumewe. "Mimi sikusema aondoke. Wewe ndiye uliyesema mke wangu amechoka. Uliniuliza?" Ghopur akainamisha kichwa juu ya bakuli lake, akala bila kutazama mtu. Siku hiyo ilikuwa yake ya kuambiwa.

Kesho yake Horigul alifungasha peke yake. Dawa akaziacha, peremende akaziacha, akamwandikia Patigul saa za vidonge. Kamba ya punda alikwishaitundika yeye mwenyewe zizini, kwenye kigingi cha mwisho, kando ya utepe. Mawazo yake yalikuwa kwenye kile kitanda cha karibu na dirisha. Angempa nani? Alijua kwamba akiagana na baba yake leo, huenda ndiyo mara ya mwisho, na hilo halikuwa na dawa.

Alimkuta barazani, juu ya zulia, chai yenye sukari ya nabati mbele yake. Akapiga magoti, akaweka kichwa chake kwenye paja la mzee. Nje, Ghopur alipiga honi.

"Baba, naenda."

Mkono wa kulia ulimpapasa kichwani, ukashuka begani, ukashuka kiunoni. Horigul alidhani anamtafuta mkono, akamnyooshea. Mzee akauweka kando. Alikuwa anahangaika na kitu kingine, anapumua kwa nguvu, na haraka yake ikamtisha binti, mpaka alipohisi koti linalegea. Mkanda wa kitambaa ulitoka tundu moja, ukatoka la pili. Sawut aliuvuta wote, akauzungusha kwenye kiganja chake kama anavyozungusha kamba, akauweka magotini.

Horigul aliinama. Aliibusu ile ngumi iliyoshika mkanda, akasimama, akatoka.

Koti lile halikuwa na vifungo. Upepo wa stesheni ulikuwa mkali, na ndani ya treni, mpaka Kashgar ikapotea na jangwa likaanza, alikaa amelishika koti kwa mkono wake ili lisifunguke. Mwanamke wa kiti cha mbele akamhurumia, akampa pini.

"Asante, dada," alisema Horigul, "acha tu." Akaendelea kulishika.